Ukitoka Kanisani, Nani Atakuzika?

Wadogo zangu, tangu niseme kwenye kona hii kwamba nimelelewa ulokole ule mkali, wa sketi ya kugusa kifundo cha mguu na televisheni kuitwa sanduku la shetani, barua zenu hazijakoma. Wengi mmeandika usiku wa manane. Kuna aliyenisihi nisitaje hata mkoa wake. Kuna aliyeandika akiwa amejifungia chooni katikati ya mkesha, simu kaifunika kwa kitenge ili mwanga usionekane. Nimezisoma zote, na jambo moja limenishika: karibu hakuna aliyeniuliza kama Mungu yupo. Mnauliza nani atakusimamia kwenye harusi. Mama atasemaje. Utahamia wapi, maana mwenye nyumba ni mzee wa kanisa. Na mmoja kauliza bila kuzunguka: dada, nikifa, nani atanizika?

Hilo ndilo swali lenyewe, na nashukuru mmelileta likiwa bichi. Watu wa nje wanadhani kutoka ni suala la mawazo tu: uliamini, sasa huamini, yameisha. Hawaijui wiki yetu ilivyokuwa. Jumatatu maombi ya akina mama, Jumatano neno, Alhamisi kanisa la nyumbani, Ijumaa mkesha, Jumamosi kwaya na kupiga deki. Kazi uliipata kwa mpendwa. Chumba ulikipata kwa mpendwa. Mchumba, mchungaji ndiye "aliyeonyeshwa". Baba alipofariki, waliopika siku zote za msiba na kuchanga hela ya jeneza ni wapendwa haohao, huku shangazi zako wa damu wamekaa pembeni, maana mliwakataa zamani mkisema wanafanya matambiko. Ule ni ukoo, mdogo wangu. Ukitoka unahama ukoo, na hakuna aliyekutafutia mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "si uache tu kwenda", mwitikie kwa adabu, halafu mpuuze.

Nianze na hofu, kwa sababu ndiyo inayowanyima wengi usingizi.

Mmoja wenu amenipa ruhusa nisimulie kisa chake. Alikuwa na miaka tisa, katumwa dukani chumvi. Aliporudi akakuta maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa, redio inaongea, mlango wazi, kanga ya mama iko kwenye kamba, na ndani hakuna mtu. Akaita. Kimya. Akakaa kizingitini na chumvi yake mkononi, analia, akijua unyakuo umeshapita: mama kaenda, wadogo zake wameenda, yeye kaachwa kwa sababu ya shilingi mia aliyoificha kwenye chenji. Kumbe mama yuko kwa jirani, kafuata mchi. Leo huyo dada ni mtu mzima, ana watoto, kanisa kaliacha miaka mingi. Lakini akiamka usiku akapapasa upande wa mume akakuta patupu, moyo unamwenda mbio mpaka asikie maji yanamwagika chooni.

Akili yake haiamini tena. Mwili wake bado unangoja parapanda. Wengi wenu mko hapo, na mnadhani hofu hiyo ni ushahidi kwamba mmemkosea Mungu na Roho anawasuta. Mimi naona ni mafunzo. Mtoto akifundishwa kuogopa kila usiku kabla ya kulala, anahitimu.

Na hofu hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Wakristo tangu zamani wameamini kwamba Kristo atarudi. Lakini hii ratiba uliyokaririshwa, kwamba waliookoka watanyakuliwa kwanza ghafla, kisha waliobaki waonje dhiki kuu ya miaka saba, ilisambazwa na mhubiri John Nelson Darby huko Uingereza na Ireland kuanzia miaka ya 1830. Ikavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1909 Cyrus Scofield akachapisha Biblia yenye maelezo yake mwenyewe chini ya ukurasa, na wasomaji wengi wakashindwa kutenganisha maelezo na maandiko. Mwaka uliofuata ukaanza kutoka, kwa fedha za tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart, mfululizo wa vitabu 12 vya kutetea misingi ya imani dhidi ya usomi wa kisasa. Hadi 1915 vyote vilikuwa vimetoka, vikagawiwa bure kwa wachungaji na wamisionari. Wakatoliki hawafundishi unyakuo wa namna hiyo, Waorthodoksi hawafundishi, na Walutheri na Waanglikana wengi vilevile. Waliothubutu kuweka tarehe tumewaona. Wafuasi wa William Miller walikesha Oktoba 22, 1844, kukapambazuka kama kawaida. Harold Camping alitangaza Mei 21, 2011, ikapita. Akasogeza hadi Oktoba, nayo ikapita.

Sikuambii haya ili uache kuamini. Nakuambia ili ujue kwamba kilichokutisha ukiwa mtoto kina watu waliokitunga, kina miaka, kina hata mfadhili.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Marlene Winell, binti wa wamisionari wa Kipentekoste, aliandika kitabu kuhusu watu wanaotoka kwenye imani kali mwaka 1993. Mwaka 2011 akapendekeza majeraha haya ya kidini yapewe jina maalumu. Hayamo kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya madaktari, na siwezi kukuambia kwamba unaumwa ugonjwa fulani. Ila anayoyaeleza, kushtuka, kujiona mchafu, kushindwa kuamua hata jambo dogo bila kumuuliza mtu, ndiyo hayohayo mnayoniandikia kutoka Mbeya na Kitale.

Ikikujia usiku, washa taa. Shusha miguu, weka nyayo sakafuni. Sakafu ya baridi inasaidia. Taja kwa sauti vitu unavyoviona: pazia, ndoo, chaja, begi la mtoto. Usifungue kitabu cha Ufunuo saa nane za usiku, wala usifungue video za watu wanaoitukana Biblia, vyote viwili vitakukesheza. Kama wiki zinapita hulali, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa uulizie huduma ya afya ya akili. Mweleze daktari yote, hata ya mapepo uliyoambiwa unayo. Akicheka, omba mwingine.

Na wale mlioacha dawa za presha, za kisukari au ARV kwa kuwa mlitangaziwa uponyaji madhabahuni: rudi kliniki kesho asubuhi. Mambo ya imani yatakungoja uyafikirie ukiwa hai.

Najua mtaitaja Shakahola. Wengi tukisikia jina hilo tunakumbuka makaburi: ule msitu wa kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, mashtaka ambayo ameyakana. Mimi nawakumbuka zaidi waliotolewa wakiwa hai. Baadhi yao waliendelea kukataa chakula hata baada ya kuokolewa, mpaka Juni mwaka huohuo watu 65 wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. (Mtu kaharibiwa akili kiasi hicho, wewe unamfungulia kesi!) Miili ilikuwa mahali salama, akili ingali imefunga.

Kanisa lako wewe si Shakahola, na ugumu wako uko papo hapo. Hakuna aliyekunyima chakula. Walikupenda, walikuombea ukiumwa, walikulipia ada ya kidato cha nne. Ukisema "waliniumiza" unajiona mkosa shukrani. Mimi pia sipendi walokole wasemwe wote kwa jumla kama matapeli. Bibi yangu aliokoka kwenye wimbi la Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Bukoba hadi Kenya. Watu wale walirudisha mali walizoiba. Wamisionari Wazungu waliungama dhambi zao mbele ya Waafrika, katikati ya ukoloni. Kenya, wengine waliuawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Bibi nilimpenda na nampenda hadi leo. Unaweza kushukuru kwa ada ya shule na bado ukasema kwamba mtoto hakustahili kutishwa vile. Vyote viwili ni kweli, havigombani.

Sasa namna ya kutoka. Ushauri wangu utawaudhi baadhi yenu: usitangaze. Ile barua ndefu ya kuaga unayoiandika kwa ajili ya kundi la WhatsApp la vijana, yenye hoja saba na mistari ya Biblia, iandike yote, halafu ibaki kwako. Ukiituma hutapata majibu ya hoja. Utapata simu kwa mama yako. Kwanza tazama unakaa kwa nani, unakula kwa nani, mshahara wako unasainiwa na nani. Kama vyote hivyo viko mikononi mwa wapendwa, una kazi ya miezi kadhaa ya kimyakimya kabla ya kukosa ibada hata moja: akaunti yako, vyeti vyako, chumba chako. Huo si unafiki. Hakuna Katiba inayokudai ujieleze. Ya Tanzania ibara ya 19 na ya Kenya ibara ya 32 zinakulinda ukiamini na ukiacha kuamini. Ila Katiba haikulipii kodi ya nyumba.

Ukianza kukosekana, watakuja. Wiki ya kwanza ni ujumbe: "tumekumiss mpendwa". Baadaye wanakuja watatu jioni, mama mchungaji akiwemo, na mkate wa kuchovya kwenye chai. Wakaribishe. Chemsha chai. Uwe na sentensi moja uliyoiandaa, na usiibadilishe: "Nimeamua kupumzika, nawashukuru kwa kunijali." Watauliza nani amekukosea. Sentensi ileile. Watauliza kama kuna mwanaume. Ileile. Ukianza kujadili Mwanzo sura ya kwanza umekwisha, kwa sababu wewe uko peke yako na wao wamekuja na zamu. Wakiomba kusali, waache wasali wakiwa wamekaa. Mikono juu ya kichwa chako unaweza kuikataa, sema tu "naomba tusali hivihivi". Na mtu akikuambia una roho ya uasi hivyo upelekwe ukafungiwe kwa maombi ya siku kadhaa, hapo adabu imefika mwisho. Nenda kwa jirani, nenda serikali ya mtaa, nenda polisi.

Pesa nitazipitia haraka. Ahadi uliyoandika kwenye bahasha ya ujenzi si mkopo wa benki. Hudaiwi. Kama roho inakuuma, ile asilimia kumi endelea kuitenga, mnunulie mama yako bima ya afya.

Suruali: vaa. Hereni: tundu likishaziba usilitoboe mwenyewe kwa sindano ya kushonea, nenda kwa anayejua.

Tufike kwa mama.

Hapa sina njia ya mkato. Mama yako akilia chumbani, haigizi. Anaamini kabisa, kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha, kwamba mtoto aliyemzaa ataungua milele, na kwamba yeye ataulizwa. Anaogopa pia watu: kwenye maombi ya akina mama watamtazama, watamwombea kwa kumtaja jina lako, atavuliwa uongozi wa kamati. Ukimshinda kwa hoja unapata nini? Mzee wa miaka sitini na mitano amebaki bila Mungu wake na bila marafiki wake, na wewe uko Dar. Mimi wa kwangu sijawahi kumpa hoja hata moja. Nilimwambia: "Mama, najua unachokiogopa, na najua unakiogopa kwa sababu unanipenda. Sitakuja kubishana. Nitakuja kukusalimia." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nimekula. Anaendelea kuniombea kwa sauti saa kumi na moja alfajiri nikiwa chumba cha pili, kwa jina kamili na la ubatizo. Nimejifunza kuendelea kulala.

Je, umsindikize kanisani? Harusi, msiba, Krismasi, mimi nasema nenda. Kaa mwisho wa benchi karibu na njia. Imba kama unapenda wimbo. Muziki ule ni wako pia, uliukulia, na hakuna aliyekutoza kwa kuukumbuka. Mhubiri akisema anaonyeshwa kuna mtu humu aliyerudi nyuma na Bwana anampa nafasi ya mwisho, endelea kukaa. Kuna mtu kampa taarifa, na aliyempa labda ni mama.

Dada uliyeandika kwamba mume ni shemasi na watoto wawili wanaambiwa usiku kwamba mama yao amepotea: usiwafanye watoto mahakama. Usiwaambie baba yao ni mjinga. Waambie, "Baba anaamini hivi, mimi naamini hivi, na hakuna atakayewaacha." Hilo la mwisho lirudie kila siku, maana wanajifunza kuogopa kuachwa, kama ulivyojifunza wewe. Mume zungumza naye mchana, bila mchungaji kuwepo. Lakini kama anakupiga akisema anamtoa pepo, hiyo ni kesi, na kwa Tanzania mahali pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Wawili mmeuliza kuhusu kufunga ndoa bila kanisa. Inawezekana na ni halali kabisa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu kufunga ndoa bomani; mnatoa taarifa siku 21 kabla, mnakuwa na mashahidi wawili, mnasaini. Shughuli mfanye nyumbani. Wajomba watanung'unika mpaka pilau lifike.

Angalizo moja, na nalisema kwa wasiwasi wa dada mkubwa. Wengi tukitoka tunatafuta haraka mtu mwingine wa kutuambia la kufanya. Nimeona waliomwacha nabii wakamfuata mhamasishaji wa mafanikio, wakalipa kiingilio kikubwa kuliko fungu la kumi. Nimeona waliohamia kwa mwanaume wa kwanza aliyewaambia wao ni huru. Pombe nayo, kwa mtu ambaye hakufundishwa kunywa kidogo, inaingia kwa fujo. Jipe mwaka mzima bila kumkabidhi mtu yeyote uamuzi wako. Kama baada ya hapo utajikuta umekaa Misa ya kwanza kwa Wakatoliki, au hujakaa popote, mimi sitakuuliza. Kenya sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Tanzania hatujui idadi, maana sensa zetu ziliacha kuuliza dini baada ya ile ya 1967.

Haya, nani atakuzika? Atakuzika mtaa, kama mtaa unakujua. Na tatizo letu ni kwamba mtaa hautujui. Miaka yote ile jirani akifiwa tulipita na Biblia kwapani tukielekea mkesha. Msiba wao ulikuwa na ngoma, au pombe, au Hitima, hivyo haukutuhusu. Anzia hapo. Kuna msiba mtaani kwako mwezi huu, hilo nina hakika. Nenda na kisu chako, kaa na akina mama umenye vitunguu, osha masufuria, weka rambirambi yako kwenye daftari kwa jina lako. Uliza kama kuna chama cha kufa na kuzikana, kiingie, lipa ada kila mwezi bila kukosa. Mtaa hauulizi kama umeokoka, unauliza kama ulikuja. Halafu wale shangazi mliowakataa: panda basi uwafuate. Beba sukari, sabuni na kitenge. Watakuwa na maneno, na wana haki ya kuyasema, wewe kaa chini usikilize mpaka yaishe. Mmoja wenu alifanya hivyo mwaka jana huko Kagera. Shangazi alimsema jioni nzima, asubuhi akamkabidhi jembe waende shambani, na jioni ya pili akamwonyesha makaburi ya babu zake, ambayo hakuwahi kuyaona kwa sababu baba yake alikataza watoto kukanyaga pale.

Wapendwa wengine nao watarudi kwako mmojammoja, kwa mlango wa nyuma. Atakupigia aliyekuwa akikusuka nywele enzi za sekondari, aseme anataka tu kujua hali. Usimhoji, usimpe kitabu. Mwalike chakula cha mchana.

Na wewe wa Kahama, soprano, uliyeuliza kama urudishe sare ya kwaya kabla ya Pasaka: kama kanisa ndilo lililonunua, ifue, ipige pasi, mpelekee katibu wa kwaya katikati ya wiki wakati hakuna mazoezi, na uombe akuandikie kwamba ameipokea. Kama ulilipia mwenyewe kwa mafungu kama ulivyosema, hudaiwi kitu. Kitambaa kile cha bluu ni kizuri. Toa ile kola nyeupe, mpe fundi akushonee sketi. Urefu utaamua mwenyewe.